Nyaya za Masikioni Tuzisuke Wenyewe

Katika simu ndogo nyingi za bei nafuu, ambazo ndizo zilizoenea kwa wengi wetu hapa Muyinga, redio haisemi mpaka waya wa masikioni uchomekwe. Na mtu akijaribu kuifungua bila ya waya huo, aghalabu simu humwandikia kwa maneno machache kwamba autie kwanza. Wapo wadhanio kwamba huo ni ukaidi wa waliounda simu, au ni hila ya kutuuzia kitu cha pili baada ya kutuuzia cha kwanza, ilhali sababu yake ni nyepesi na ya haki: simu haina nafasi mwilini mwake ya kubeba antena ya FM, kwa hiyo imeuazima waya wa masikioni na kuufanya antena yake. Wimbi la redio katika masafa ya megahezi 100 lina urefu wa mita 3, na robo ya urefu huo, ambayo ndiyo kadiri ya antena iliyozoeleka, ni sentimita 75. Waya wa kawaida, wenye zaidi ya mita 1, huyanasa mawimbi hayo bila ya taabu. Waya ukikatika, basi, mwenyewe amepoteza vitu viwili kwa mkupuo mmoja: hasikii alichokihifadhi ndani ya simu, wala hasikii kinachopita hewani.

Hasara hiyo si ndogo katika mji kama huu wetu. Muyinga iko njia panda: barabara moja inatoka Kayanza na Ngozi, ya pili inatoka Gitega kwa njia ya Karuzi, na ya tatu inaelekea Kobero, mpakani, ambako malori yaliyotoka bandari ya Dar es Salaam huvuka kutoka Kabanga yakiwa na vumbi la Kahama na Ngara. Mji wa njia panda huishi kwa habari. Redio ya Taifa hutusemesha kwa Kirundi, kwa Kiswahili, kwa Kifaransa na kwa Kiingereza. Ng'ambo ya mpaka iko Radio Kwizera ya Ngara, iliyoanzishwa na Wajesuiti wahudumiao wakimbizi mwaka 1995, wakati wilaya ile ilipojaa watu wa Rwanda na watu wa kwetu, na ambayo wengi waliorudi makwao hawakuacha kuitegea sikio. Mlinzi wa ghala asiyeruhusiwa kulala, mkulima aliye peke yake bondeni, kijana asukumaye baiskeli yenye mikungu ya ndizi kupandisha mlima, wote hao wana waya mmoja sikioni na sikio la pili wameliachia njia. Fauka ya hayo, mji wetu una Waislamu wengi, na ukipita barazani alasiri ya Ramadhani utawakuta wazee wamenyamaza kila mmoja na darasa lake, au na msomaji wake wa Qurani ampendaye.

Rai yangu ni kwamba waya huo ni katika vitu ambavyo nyumba yoyote yenye mtu mmoja mwenye subira inaweza kujitengenezea. Na kwamba tukiendelea kuununua ukiwa tayari, kisha kuutupa, kisha kuununua tena, tunafanya israfu ya mali katika nchi isiyo na mali ya kufanyia israfu, na, lililo baya kuliko hilo, tunajinyima ustadi ambao mikono ya nchi hizi za bara iliwahi kuwa nao kabla ya simu kubuniwa.

Mtu achukue waya mmoja uliokufa, katika hizi ekuteri, kama waziitavyo vijana wetu, zining'inizwazo mafungu mafungu sokoni, aupasue kwa wembe kuanzia kwenye pini hadi urefu wa kidole. Gamba la nje ni plastiki laini, na ndani yake atakuta nyuzi tatu au nne zenye kung'aa kwa rangi: ya kijani aghalabu ni ya sikio la kushoto, nyekundu ni ya sikio la kulia, na ile yenye rangi ya shaba yenyewe ni ya ardhi, njia ya kurudia ambayo masikio yote mawili huishiriki. Rangi hizo si plastiki; ni vanishi nyembamba iliyopakwa ili shaba ya huku isigusane na shaba ya kule. Na kila uzi, ukiutazama kwa karibu, si uzi mmoja bali ni fungu la vinyuzi vyembamba kama unywele, vilivyosokotwa pamoja na uzi mweupe wa nailoni. Shaba ndiyo ichukuayo umeme. Huo mweupe ndio uchukuao mzigo mtu anapouvuta waya, na laiti waundaji wangalikuwa wakarimu zaidi katika huo mweupe, makala haya yasingalikuwa na haja ya kuandikwa. Mahali pa kukatika panajulikana na kila mtu, hata na mtoto: ni pale waya uingiapo katika pini, kwa kuwa hapo kitu laini kimekutana ghafla na kitu kigumu, na kila simu iingiapo mfukoni na kutoka, waya hukunjwa mahali pale pale, mpaka shaba ichoke. Pini yenyewe imemiminiwa plastiki, haina skrubu wala kifuniko, na maana yake ni kwamba aliyeiunda hakukusudia mtu yeyote aifungue.

Ufundi wa kutia madini juu ya uzi si mgeni kwetu. Zari ya majoho ya Waarabu wa Oman na waungwana wa Pwani ni utepe mwembamba wa madini uliozungushwa juu ya uzi wa hariri, na kwa sababu ya hariri iliyo ndani, joho hukunjwa na kukunjuliwa miaka na miaka bila ya zari kuvunjika. Katika karne ya 19 misafara iliyotoka Pwani ilipandisha bara vitu vitatu kuliko vyote: nguo, shanga na masango, yaani waya mnene wa shaba uliokunjwa mizunguko mizunguko, na masango yalipofika bara, mafundi waliyavuta hata yakawa nyuzi nyembamba, wakazizungusha juu ya singa za mkia wa ng'ombe au nyuzi za mimea, zikawa udodi wa mikononi na miguuni, laini, wenye kupinda bila ya kukatika. Huko Katanga, ambako shaba hutoka katika ardhi yenyewe, Wayeke, ambao asili yao ni Unyamwezi na Usumbwa, na ambao walitawaliwa na Msiri hata alipouawa mwaka 1891, walikuwa mabingwa wa kazi hii: fimbo ya shaba hupenyezwa katika tundu la chuma, ikavutwa kwa nguvu za watu, ikapenyezwa katika tundu lililo dogo zaidi, ikavutwa tena, mpaka ikawa uzi wa kuzungushwa kwa vidole. Hawakuwa na neno umeme, wala hawakuwa na haja nalo. Walakini, Wazungu walipotaka waya wa simu za mezani ambao hautakatika kwa kukunjwa maelfu ya mara, njia waliyoifuata ni ile ile: utepe wa shaba bapa, uliozungushwa juu ya uzi wa nguo. Kamba ya mkono wa simu ya zamani bado ina waya huo ndani yake, na fundi akiibahatisha katika takataka za ofisi, asiiache, maana kwa uvumilivu haina mfano. Ila ina inda katika kulehemu, kwa sababu uzi wa nguo huungua kabla shaba haijakubali bati, na anayeanza asianze nayo.

Na yule aonaye haya kufanya kazi ya umeme juu ya meza ya chakula ajue kwamba hedifoni za namna tuzijuazo leo zilitoka jikoni. Mmarekani mmoja wa jimbo la Utah, Nathaniel Baldwin, alizitengeneza nyumbani kwake, akazipeleka kwa Jeshi la Maji la Marekani mwaka 1910. Wenye jeshi wakazijaribu, wakaona zinapita zote walizokuwa nazo, wakaagiza. Naye akawajibu kwamba hawezi kutoa zaidi ya kumi kwa mara moja, kwa kuwa karakana yake ni jiko la nyumba yake.

Vifaa vitakiwavyo ni vichache. Chuma cha kulehemu cha umeme kinapatikana, lakini umeme wetu una desturi zake, na nyumba nyingi za vijijini hazina umeme ila ule wa kioo kidogo cha jua kinachotosha kuchaji simu. Hilo lisimzuie mtu. Mafundi bati watengenezao vibatari na mikebe sokoni wanatuonyesha kila siku kwamba kipande cha shaba kilichotiwa mpini na kulazwa katika makaa hulehemu sawasawa. Kwa kazi nyembamba kama hii kinataka kichongwe ncha, na kitolewe motoni kabla hakijawa chekundu. Lehemu iliyozoeleka na mafundi wa redio, yenye bati sehemu 63 na risasi sehemu 37, huyeyuka katika nyuzi 183 za Selsiasi, na joto hilo makaa hulifikia kabla mtu hajamaliza kusafisha pini. Kwa fundi bati tuchukue moto wake, tusichukue asidi yake: dawa ile aipakayo juu ya mabati ili lehemu ishike inafaa kwa mkebe, lakini katika waya mwembamba huendelea kula shaba polepole baada ya kazi kwisha, hata miezi michache baadaye kiungo kilichokuwa kizuri kikageuka kijani na kuachana. Kifaacho ni ulimbo wa msonobari, na aghalabu lehemu ya redio imekwisha kutiwa ulimbo huo ndani ya tumbo lake. Moshi wake si wa kuvutwa. Mtu akae penye dirisha, watoto wakae mbali, na mikono ioshwe vizuri kabla ya kuushika ugali, kwa kuwa risasi huingia mwilini kwa kinywa kuliko kwa pua, na ikisha kuingia haina haraka ya kutoka.

Vanishi ya nyuzi ndiyo iwashindayo wengi. Hugusisha uzi kwenye pini, wakalehemu, wakaona umeshika, kumbe umeshika kwa nje tu na ndani vanishi iko pale pale, na sauti haipiti. Dawa yake ni kuchukua tone la lehemu la moto juu ya ncha ya chuma, na kuichovya ncha ya uzi ndani ya tone hilo, mara mbili, mara tatu, mpaka moshi mdogo utoke na shaba inywe bati, igeuke nyeupe. Hapo uzi uko tayari. Wasio na subira huichoma kwa kiberiti, na mara nyingi huichoma vanishi pamoja na shaba yake.

Kwa waya mpya kabisa, usiotoka katika ekuteri iliyokufa, fundi atafute waya laini wenye vinyuzi vingi ndani na gamba jembamba la mpira au silikoni, si ule mgumu wa nyumbani wenye uzi mmoja mnene, ambao hukatika baada ya kukunjwa mara chache. Nyuzi nne husukwa msuko wa duara, ule ule wa kamba ya kufungia mbuzi: wa nje kulia hupita nyuma ya wawili na kurudi mbele ya mmoja, kisha wa nje kushoto hufanya vivyo hivyo, na mkono hauhitaji kufikiri tena baada ya shubiri ya kwanza. Msuko hula urefu. Anayetaka waya wa sentimita 120 akate nyuzi za sentimita 150, na kinachobakia kitamfaa kwa kiraka. Faida ya msuko si urembo peke yake. Nyuzi zilizosukwa hupokezana mzigo, kila mmoja ukivutwa kidogo na kupumzika kidogo, nazo hujipinda kwa upole badala ya kuvunjika. Na kabla ya kuingiza waya katika pini, pigwe fundo dogo ambalo litabaki ndani ya kifuniko cha pini, ili mtu akiuvuta waya, avute fundo, asivute lehemu. Mahali pa kutokea pavishwe kitu chenye kupinda: springi ya kalamu ya wino inafaa, na ukanda wa mpira wa ndani wa baiskeli, uliozungushwa kwa kukazwa, unafaa zaidi, nao hapa kwetu haununuliwi, maana hakuna mahali pasipo na mpira mkuukuu wa baiskeli.

Utaratibu wa kuunganisha haubadiliki: katika pini yenye sehemu tatu, ncha ni ya kushoto, pete ni ya kulia, na shina ni la ardhi. Pini yenye sehemu nne huongeza kinasa sauti, na hapo ndipo fitina ilipo, kwa sababu zipo taratibu mbili: iliyotawala leo huweka ardhi katika pete ya pili na kinasa sauti katika shina, lakini simu kadhaa za zamani, za Nokia na za Kichina, zilifanya kinyume. Ukitia waya wa utaratibu mmoja katika simu ya utaratibu mwingine, utasikia kitu cha ajabu, nacho ni kile kile kisikikacho uzi wa ardhi unapokatika. Nilikuwapo kwa kijana mmoja fundi, mtaa wa Waswahili, alipokuja mwalimu wa madrasa na malalamiko yake.

"Mwanangu, kaswida hii ina dufu tu. Mwimbaji amekwenda wapi?"

"Maalim, mwimbaji yupo. Ardhi ndiyo haipo."

Maalim alimtazama kwa jicho la kutaka kujua kama anafanyiwa mzaha. Kijana hakuwa na mzaha. Ardhi ikikatika, umeme wa sikio la kushoto haupati njia ya kurudi ila kwa kupitia sikio la kulia, na yale yaliyo sawa katika pande zote mbili hubatilishana. Na katika rekodi nyingi sauti ya mwimbaji huwekwa katikati, sawa kushoto na kulia, basi huyo ndiye atowekaye, zikabakia ngoma na vinanda vilivyowekwa upande. Hotuba ya redio, ambayo mara nyingi haina kushoto wala kulia, hutoweka yote. Kijana alikata waya shubiri moja kutoka kwenye pini, akalehemu pini ya kufunguka, na mwimbaji akarejea kabla chai ya Maalim haijapoa. Alama hii moja ingejulikana na watu, nusu ya ekuteri zitupwazo jalalani Muyinga zingebaki masikioni.

Sasa niseme kidogo juu ya watu wa upande wa pili. Ulaya na Marekani, na kwa wenye nacho wa Nairobi na Dubai, kutengeneza nyaya za hedifoni nyumbani ni starehe, nao wana lugha yao na ibada zao: waya wa fedha, waya wa shaba uliopakwa dhahabu, waya uliogandishwa kwa baridi kali, na kila mmoja husifiwa kwamba unaifanya sauti kuwa tamu zaidi, au pana zaidi, au yenye "hewa". Ninaheshimu mikono yao, kwa kuwa misuko yao ni mizuri kweli, lakini insafu yanidai niseme kwamba madai hayo hayasimami mbele ya hesabu. Waya wa shaba wenye unene wa milimita 0.08 za mraba, urefu wa mita 1.2 kwenda na mita 1.2 kurudi, una ukinzani wa karibu omu 0.5, nayo hedifoni ya kawaida ina omu 32. Fedha hupitisha umeme vyema kuliko shaba kwa kadiri ya sehemu 5 au 6 katika 100, kwa hiyo aliyenunua fedha amepunguza omu 0.03, na sauti yake imeongezeka kwa chini ya sehemu moja ya mia ya desibeli, ilhali sikio la binadamu katika kusikiliza kwa kawaida hutatizika kuitambua hata nusu ya desibeli. Fedha ivaliwe masikioni kama herini, huko inaonekana. Katika waya, mambo yenye kusikika ni mawili tu, kwamba umeunganika au haukuunganika, na mambo mengine yote ya thamani yanaonekana kwa macho na kuguswa kwa mkono: unapindika kwa upole, haukwaruzi shingo, unarekebishika.

Najua nitakavyojibiwa. Nitaambiwa kwamba zama za waya zimepita, kwamba kampuni ya Apple iliondoa tundu la pini katika simu yake mwaka 2016 na wengine wakaifuata, na kwamba vijana wa mjini tayari wana vidude vya masikioni visivyo na waya wowote. Ni kweli wanavyo. Lakini vidude hivyo vina betri ndogo mfano wa punje, ambayo baada ya miaka michache haihifadhi tena nguvu, na kuitoa ni kuvivunja; vinataka kuchajiwa katika nchi ambayo kuchaji simu yenyewe ni safari; na, kwa kurudi kwenye jambo la kwanza, si antena. Aliye navyo peke yake akafungua redio ya simu yake ataambiwa vile vile kwamba atie waya. Nitaambiwa pia kwamba ekuteri mpya ni rahisi, na kwa nini mtu ataabike saa nzima kwa kitu cha bei hiyo. Hoja hii ilikuwa na nguvu zamani kuliko leo. Tangu Mei 2023, Benki ya Jamhuri iliposhusha thamani ya faranga, na tangu fedha za kigeni zilipokuwa adimu hata malori yakakosa mafuta, kila kitu kivukacho Kobero hufika kikiwa kimepanda bei, na kilicho rahisi hununuliwa mara nne kwa mwaka na kuwa ghali. Saa moja ya mikono yetu hailipwi kwa dola.

Tena kuna jambo lingine, ambalo naliona la aibu kidogo kwetu sote. Bati ya lehemu hutokana na mawe ya kasiteriti, nayo huchimbwa hapa hapa nchini, Kabarore katika Kayanza, na Murehe katika Kirundo, karibu na sisi. Sumaku ndogo iliyo ndani ya hedifoni, ile itetemeshayo utando hata ukatoa sauti, hupata nguvu zake kwa neodimiamu, na katika milima ya Gakara, karibu na Bujumbura, yapo mawe yenye madini hayo, yaliyoanza kusafirishwa nje tena mwaka 2017, mpaka mwaka 2021 Serikali ilipoyasimamisha ikidai nchi haipati fungu lake la haki. Shaba iko ng'ambo ya ziwa, huko Katanga, kwa jirani. Basi katika ekuteri moja iliyokatika iliyoko jalalani hapa Muyinga yamkini mna vumbi la nchi yetu wenyewe lililozunguka dunia nzima, likarudi likiwa limevikwa plastiki, tukalilipia, tukalitupa. Sisemi kwamba tujenge viwanda vya sumaku kesho. Hayo ni mambo ya wenye mitaji. Kulehemu pini ni jambo la kijana wa miaka kumi na mitatu.

Kwa hiyo shule za ufundi, za hapa Muyinga, katika mkoa huu mpya wa Buhumuza, na za Gitega vile vile, zingeweza kuanza na waya huu kabla ya kuanza na kitu kingine chochote cha umeme, kwa kuwa hauna hatari ya kumrusha mtoto, hauhitaji mashine, na una hukumu ya papo hapo ambayo mwalimu hawezi kuipendelea: mwanafunzi huutia sikioni, akasikia au asisikie. Ndani ya waya mmoja amejifunza kuvua gamba, kutia bati, kujua kushoto na kulia na ardhi, kupima kwa taa ndogo ya betri kama njia iko wazi, na kusuka. Gitega, ambayo tangu 2019 ndiyo makao makuu ya kisiasa, ina Makumbusho ya Taifa yaliyofunguliwa mwaka 1955, ambamo watoto hupelekwa kutazama vikapu na ngoma na mapambo ya mababu. Ni vizuri waende. Wakirudi darasani wapewe uzi.

Na wafanyabiashara wetu wapandao basi kwenda Kariakoo, badala ya kujaza mifuko yao ekuteri tu, waongeze vitu vitatu visivyo na uzito: waya laini wa kukatwa kwa mita, lehemu nyembamba yenye ulimbo ndani, na pini zifungukazo kwa kuzungushwa. Katika kuchagua pini wachague zenye shingo nyembamba, maana simu yenye kava hukataa pini nene; na wachukue sumaku ndogo mfukoni wawapo dukani. Pini ya shaba iliyopakwa haivutwi na sumaku kwa nguvu. Ya chuma kilichopakwa rangi ya dhahabu hurukia, na hiyo waiache pale pale juu ya meza ya muuzaji, kwa sababu kwa mvua za masika ya Muyinga na jasho la mfuko wa suruali itaota kutu kabla ya mavuno.